Bendera Aliyoishona Mama

Nakumbuka tulipokuwa wadogo pale Sengerema, wiki ya sikukuu ya Uhuru ilikuwa na harufu yake: chokaa mbichi. Kila mwenye duka kando ya barabara alipaka chokaa mawe ya mlangoni, akamwagia maji vumbi litulie, na asubuhi yenyewe akatundika bendera. Sisi watoto tulioga alfajiri, tukapakwa mafuta hadi miguu ikang'aa, tukakimbia kutazama duka la nani limependeza zaidi. Watoto wa leo usiwaulize. Kwao sikukuu ni siku ya kulala hadi saa nne, simu imelala nao kifuani.

Baba alikuwa na kiduka cha sukari, mafuta ya taa na betri. Bendera yake aliitunza kabatini, imekunjwa kama shuka la mgeni. Mwaka ule alifariki wakati wa masika. Mama akafunga duka, akavaa gauni jeusi, akawa haendi popote isipokuwa kisimani na kanisani. Desemba ilipofika tulifungua kabati, tukakuta panya wameifanya bendera kiota.

"Basi mwaka huu tukae bila," nikasema.

Mama aliingia chumbani, akatoka na sketi yangu ya shule iliyonibana, ya bluu, shuka la kijani na pazia la njano. Akaketi kwenye cherehani. Lakini nyeusi haikuwepo. Akaingia tena chumbani, na safari hii alirudi amevaa gauni la maua, lile jeusi liko mkononi pamoja na mkasi.

Bibi, mama yake baba, alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Utakata nguo ya msiba wa mwanangu?"

Mama akalitandaza gauni juu ya cherehani. "Mama, shuleni tulifundishwa kwamba ile nyeusi ni watu. Na yeye alikuwa mtu wa nchi hii. Nataka naye awepo barabarani kesho, pamoja na wenzake."

Nilidhani bibi atamfukuza. Badala yake akainuka, akashika pindo la gauni na kulivuta lisijikunje.

"Kata basi. Ila nyoosha mkono, usipindishe."

Asubuhi mama alipanda stuli akaitundika. Mimi na bibi tulisimama chini tunaitazama, tumejaa fahari, hadi Mzee Jivan, Mhindi wa duka la vitambaa, alipovuka barabara akija kwetu.

"Shikamoo, mzee," mama akamwamkia.

"Marahaba. Mama Minza, mmeigeuza! Kijani hukaa juu, bluu chini. Nchi nzima mmeizamisha ziwani!"

Wa kwanza kucheka alikuwa bibi. Mama akafuatia, akacheka hadi akashuka kwenye stuli kwa kushika ukuta. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu mazishi. Bendera ikageuzwa, Mzee Jivan akaipigia saluti, na watu waliokuwa wanapita kwenda uwanjani wakaanza kusimama. Mmoja akauliza kama kuna sukari. Ilikuwepo. Mama akafungua duka, na tangu siku ile hakulifunga tena. Ndilo lililotusomesha.

Siku hizi naishi Igogo, ng'ambo ya ziwa. Bendera zimekuwa za kununua, nyepesi kama karatasi. Vijana wanazifunga kwenye bodaboda, mbio moja tu zimechanika, na wao wana habari gani? Wameshapiga picha. Enzi zetu jua halikuzama bendera ikiwa nje.

Hata hivyo, sikukuu ya Uhuru iliyopita nilivuka kwenda Sengerema kumsalimia mama. Nilimkuta ameshatolewa nje na mabinti wa mtaani, wamemwekea kiti kibarazani. Walikuwa wamefagia barabara yote wenyewe, bila kutumwa na mtu, na bendera zilipepea kuanzia saluni hadi banda la chipsi, hata kwenye nyumba zisizo na duka. Zamani nyumba hazikuwa na bendera; ilikuwa shughuli ya wenye maduka tu. Nilianza kumhesabia mama makosa niliyoyaona, hii imelegea, ile imefungwa chini mno.

Mama akanigusa goti ninyamaze. Macho yake yaliifuata barabara hadi kwenye kona.

"Minza," akasema, "hawa wametuzidi."