Gitaa la Marehemu Mkwaju

Nichekeni tu, nimestahili. Gitaa langu kuukuu la chuma nililitangaza mtandaoni nikidai lilikuwa la marehemu Athumani Mkwaju, nyota wa dansi wa zamani. Sikuwa na hakika kama amekufa, ila ukimya wake ulinitosha.

Mnunuzi, mzee mmoja mpole, akanifuata dukani kwangu Ikwiriri. Akauliza nililipataje.

“Alinikabidhi mwenyewe akiwa mahututi,” nikasema. “Tulimzika Chumbi. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea.”

Mzee akainua mikono, tukamsomea marehemu Fatiha, mimi kwa sauti ya majonzi kabisa. Tulipokwisha kujipangusa nyuso, akaniangalia.

“Basi mwanangu, umenilaza kaburini kwa mikono yako, hata bei hunipunguzii?”