Ndoo ya Muuza Tochi

Muuza tochi wa Kudhaa haamini maneno ya kwenye boksi. Kila tochi ya plastiki huigonga kwa ukucha na kuitegea sikio kama anayechagua dafu, kisha huitosa kwenye ndoo ya maji ya bahari mbele ya mnunuzi. Leo Shihab, mvuvi wa ngisi, ameng'ang'ania ile nyekundu inayometameta. Ikazama, ikatoa mapovu, ikazimika.

“Umeiua mwenyewe, mama!”

Mama muuzaji akacheka hadi mtandio ukamwanguka. “Heri ifie hapa ndooni, mwanangu, kuliko kumfia mtu katikati ya maji.” Akavua shingoni tochi yake mwenyewe, ya manjano, iliyochubuka kila upande, akaitosa. Ikaelea, inawaka. Akamvisha Shihab.

“Hii siuzi. Uirudishe kwa mkono wako mwenyewe.”