Mwezi Uliosomwa Kama Ndizi

Siku ya kwanza niliingia bureau, yaani ofisi yetu ya Butembo, nikifikiri kazi ya uchunguzi ni kuuliza tu. Masika, aliyenitangulia kazini, alisoma maswali yangu ishirini akayafuta yote ila moja.

"Ukiuliza mama kama ameelewa, atasema ndiyo juu ya heshima," akaniambia. "Mupe kitu mu mikono, kisha unyamaze."

Ilikuwa wakati wa vita. Mradi wetu ulitaka kugawa dawa ya malaria kwa familia zisizoweza kufika hospitali, pamoja na karatasi ya picha: jua kwa asubuhi, mwezi mwembamba kwa jioni. Chef de bureau, mkuu wa ofisi, alitaka ichapwe upesi.

"Barabara inaweza kufungwa kesho, mais ninyi munaomba siku tatu za kuijaribu!"

"Tatu tu, Chef," Masika akajibu.

Tukapanga jaribio dogo, yaani kupima kitu kwa watu wachache kabla ya kukitoa kwa wote. Kwanza swali: je, mzazi atatoa dawa kwa saa yake? Kisha watu: akina mama wanaosoma na wasiosoma. Mahali: soko la Musienene. Mimi niongee, Masika aandike. Maharagi yalikuwa vidonge vyetu.

Mama wa kwanza aliweka maharagi vizuri kwenye picha ya jua. Kwenye mwezi akasita.

"Hii ni ndizi. Donc kama hapana ndizi kwa nyumba, mutoto hapana kunywa dawa?"

Nilitaka kumsahihisha, Masika akanikanyaga mguu. Wanne waliofuata nao wakaona ndizi.

Chef alisoma daftari letu, akavua miwani. "Muchore upya," alisema.

Tukachora kuku wakiingia kulala. Masika akapeleka picha hiyo Beni kuijaribu, na wiki ileile barabara ikafungwa. Majibu yake yaliletwa na muuza chumvi: "Wote wameona jioni. Muchape." Tukachapa. Masika mwenyewe hakurudi. Tulisikia amevuka mpaka na dada yake, basi.

Baadaye nilipelekwa Lubero, kisha Beni, nikawa msimamizi. Kila mahali nilimuulizia. Sasa nimestaafu, naishi Kimemi, hapa Butembo, nawaona ninyi vijana wa kazi hii mkirekodi kila kitu kwa simu. Ni vizuri. Lakini mimi bado natamani siku moja tu ya soko, nitembee na Masika kwenye baridi ya asubuhi, tukibishana tumwendee mama gani kwanza.