Mwaka Ngano Ilipohama Nyumbani Kwetu

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka maishani ni ya unga wa ngano uliokandwa jioni ukalazwa na hamira. Ilikuwa harufu chachu kidogo, tamu kidogo, nayo ilikaa kila mahali katika nyumba yetu ya vyumba viwili pale Levolosi: kwenye mapazia, kwenye sare zetu za shule, kwenye kitenge cha mama. Mama alikuwa mpishi wa chapati na mandazi. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umeufunika Mlima Meru, wapagazi wa sokoni na mafundi wa gereji walisimama mbele ya karai lake, wakiota moto na kutaniana huku wakisubiri. Mimi, Naserian, mtoto wake wa pili na wa mwisho, nilikuwa na haki moja ambayo hata kaka yangu Lomayani hakuipinga: andazi la kwanza kuopolewa lilikuwa langu. Nilipewa haki hiyo kwa sababu nilikuwa dhaifu.

Udhaifu wangu ulionekana hata kwa mpita njia. Darasa la nne nilikuwa bado ninakaa dawati la mbele kabisa, tumbo limejaa kama ngoma na miguu imebaki kama vijiti vya kuchochea moto. Chakula kilipita tumboni mwangu kama mgeni asiyevua viatu. Majirani walikuwa na maelezo ya kila namna. Mmoja alisema ni minyoo, nikanywa dawa za minyoo. Mwingine akasema ni upungufu wa damu, nikanyweshwa maji ya rosela mpaka meno yakawa mekundu. Wa tatu, mama mmoja tuliyesali naye, alileta unga wa lishe, ule wa mchanganyiko wa mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano, akamwambia mama, "Huyu mpe uji kikombe kikubwa asubuhi na jioni. Wangu alikuwa hivi hivi, sasa mlango haumtoshi." Kadiri nilivyodhoofika ndivyo kikombe kilivyoongezwa. Baada ya kujisomea kwa miaka mingi kuhusu ugonjwa wangu, naweza kusema bila kutia chumvi kwamba nilikuwa nikilishwa ugonjwa wenyewe kwa upendo mkubwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa nguoni mwa mama, kikidondoka kama vumbi jeupe kila alipokung'uta kitenge chake.

Likizo ya mwezi wa sita mwaka huo nilipelekwa kwa Koko, ndivyo sisi Waarusha tunavyomwita bibi. Alikuwa mama mzazi wa baba, na aliishi magharibi ya mlima, mahali ambapo migomba inaisha na malisho yanaanza. Kule nilikula walichokula wote: ugali, viazi, ndizi, na loshoro, mahindi yaliyochemshwa yakachanganywa na ndizi na maziwa ya mgando. Mara moja moja kulikuwa na supu ya mbuzi iliyochemshwa pamoja na magome machungu ambayo Koko aliyaamini kuliko daktari yeyote. Mkate haukufika huko, kwa kuwa hapakuwa na wa kuubeba wala wa kuutamani. Likizo haijaisha nilikuwa ninakimbizana na ndama, tumbo limelala, na usiku silalamiki tena. Koko alinitazama akasema magome yamefanya kazi. Niliporudi mjini, andazi la kwanza likanipokea, na kabla sare yangu mpya haijafuliwa mara nyingi, miguu ikarudi kuwa vijiti.

Koko alipokuja kutusalimia akanikuta katika hali hiyo, hakukaa hata kuchukua chai. "Mama Lomayani," alimwambia mama, "mji haumtaki huyu mtoto. Nipe nikae naye." Kwetu bibi akimwomba mjukuu hanyimwi. Ni jambo la kawaida na la heshima, na mtu wa mwisho kabisa kuthubutu kukataa ni mke wa mwanawe. Baba alikuwa dereva wa lori, na aliporudi kutoka safari akaelezwa, alisema tu, "Kama Mama ameomba, ameomba." Mimi nilipapenda kwa Koko, lakini nilipapenda kama mgeni apendavyo. Kuhamia huko maana yake ilikuwa kuacha shule, kumwacha Lomayani, na kumwona mama sikukuu kwa sikukuu. Nilimtazama mama nikingoja aseme hapana. Hakusema. Alimjibu Koko kwa unyenyekevu, "Ndiyo, Mama. Ila naomba kwanza nimpeleke hospitali, umpokee akiwa ameshapimwa." Koko akaona ni haki.

Hospitalini tulimkuta daktari mama wa makamo aliyekuwa na tabia ya kuuliza swali na kisha kunyamaza kweli kweli akisubiri jibu. Aliuliza nilikula nini kwa bibi. Mama akataja. Akauliza ninakula nini mjini. Mama akataja tena, na safari hii orodha ilianza na mandazi na kuishia na uji wa lishe. Daktari akasema anaishuku ngano, akatupangia siku ya kurudi kupima damu. Mama alisikia neno ngano, na yaliyofuata hayakumwingia. Siku hiyo hiyo aliniachisha ngano yote, akanilisha viazi na ugali mpaka siku ya miadi, na akanipeleka kwa daktari kwa fahari, mashavu yangu yamejaa. Daktari akaweka kalamu chini. "Mama," alisema, "nilitaka tumtegee mwizi. Wewe umemfukuza kabla polisi hawajafika." Akatueleza kwamba kipimo kile hutafuta dalili za vita ambavyo mwili unapigana na ngano. Vita vikikoma, kipimo kinaweza kudanganya. Ilibidi nirudi kula ngano kila siku, kwa wiki kadhaa, ndipo nipimwe.

"Dawa ya moto ni moto," mama alisema njiani, bila furaha yoyote. Lakini nyumbani habari hizo zilipokewa tofauti.

"Yaani daktari ameagiza chapati?" Lomayani aliuliza.

"Kila siku," mama akajibu.

"Na mandazi?"

"Nayo."

Akafikiri kwa makini. "Mwambie humu ndani kuna mgonjwa mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyopitisha wiki za ajabu kuliko zote za utoto wangu, nikila chapati kama watu wanavyomeza dawa, mama ameketi mbele yangu akihakikisha imeisha. Tumbo lilivimba, nikakosa shule, na wapagazi waliokuwa wakinionea wivu kwa andazi la bure sasa waliniambia, "Pole, mgonjwa wa chapati." Damu ilichukuliwa, ikapelekwa kupimwa Nairobi. Majibu yaliporudi tulitumwa Moshi, ambako walinilaza, wakapitisha mpira mwembamba kooni na kuchukua kipande kidogo cha utumbo. Nakumbuka zaidi ndizi nyororo za mtori nilizopewa baadaye kuliko huo mpira.

Ugonjwa una jina, siliaki. Daktari wetu alitueleza kwa utaratibu. Utumbo wa mtu mwenye afya una manyoya manyoya kama zulia, na hayo ndiyo yanayonyonya chakula. Langu lilikuwa zulia lililokanyagwa mpaka likabaki turubai. Aliyekanyaga ni gluteni, kile kitu ndani ya ngano kinachofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Mama akaitikia kwa kichwa, maana mvuto huo ndio uliokuwa unampa wateja. Dawa ni kuacha ngano na shayiri maisha yote, hata vumbi lake, na zulia litaota tena lenyewe.

"Nyumbani mnafanya kazi gani?" daktari aliuliza.

"Napika chapati na mandazi, daktari."

Daktari akakitazama kitenge cha mama. "Basi kazi ipo," alisema.

Kazi ilikuwepo. Mama alinitengea sufuria yangu na mwiko wangu akaufunga uzi mwekundu, na jiko la biashara akalitoa nje chini ya upenu. Haikutosha. Unga ni kitu kinachoruka. Lomayani alichota sukari kwa mkono uliotoka kwenye mandazi, upepo ukafungua mlango, mtu akakung'uta gunia, nami ninaumwa tena. Koko akaja mara ya pili, na sasa alikuwa na ushahidi. "Madaktari wenyewe wamesema unga ndio adui. Kwangu unga huo haupo. Mfungashie nguo zake."

"Ndiyo, Mama," mama alisema. "Ila kuna nguo hazijakauka."

Koko akachungulia nje. "Na jua lote hili?"

"Ni masweta, Mama."

Koko alicheka akiwa hataki. Akasema atarudi akishavuna maharage.

Siku chache baadaye mama aliyagawa magunia ya ngano yaliyobaki kwa mpishi mwenzake wa mtaa wa pili. Alipangusa rafu, akafua kila kitambaa, akamwomba baba apake kuta chokaa upya. Kisha akanunua chuma cha vitumbua na mchele. Mchele hakuupeleka mashineni, kwa sababu mashine ile ile ndiyo iliyokuwa ikisaga ngano za uji wa lishe. Aliutwanga mwenyewe, na mlio wa kinu ukawa ndio unaotuamsha. Vitumbua vya kwanza viliungua nje, ndani vikabaki uji. Lomayani alikigeuza kimoja mkononi, akauliza, "Mama, hivi ni vya kula au vya kuzibia pancha?" Wateja hawakuwa wapole zaidi. Fundi mmoja wa gereji alimwambia, "Mama Lomayani, vitumbua ni vya watu wa pwani wenye joto lao. Sisi wa baridi tunataka chapati ya kukunjia maharage." Wengine walihama kabisa. Kwa muda mama alibaki na karai la moto na kiti kitupu mbele yake, na nilijua, jinsi mtoto anavyojua, kwamba vitumbua vikishindwa, masweta yatakuwa yamekauka.

Nazi ilitoka mbali na ilikuwa adimu. Mama akaiacha, akatumia maziwa, na ndani ya mchele akaponda ndizi mbivu na iliki. Vikawa vya rangi ya kahawia, laini, vyenye harufu ambayo upepo uliipeleka hadi gereji. Chema chajiuza. Yule fundi alirudi akijifanya anapita tu, akala vinne amesimama, na kesho yake akaja na wenzake. Mimi nilikula cha kwanza kila siku, na safari hii kilibaki tumboni.

Koko alikuja maharage yakiwa ghalani, amebeba kiondo na blanketi jipya la kunifunika njiani.

"Shikamoo, Mama," mama alisema. "Nguo zake ziko tayari. Ila kaa kwanza unywe chai."

Koko akakaa. Akala kitumbua, akauliza kina nini, akaambiwa. Kisha akainuka, akapitisha kidole juu ya rafu, akakitazama kwenye mwanga wa mlango. Akafanya hivyo dirishani, na nyuma ya mlango, na juu ya mtungi. Kidole hakikuwa na weupe. Akaniita, akaniminya shavu la mguu kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, upande huu na upande ule.

"Mama Lomayani," alisema, "tangu nikujue hujawahi kuniambia hapana."

"Sijawahi, Mama."

"Na mtoto sijawahi kuondoka naye."

Mama akatazama chini. Koko akachukua kitumbua kingine. "Blanketi nitaliacha," alisema. "Hata huku kwenu kuna baridi."

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Naishi hapa hapa mjini, Sokon I, kuna watu wazima watatu wenye ugonjwa kama wangu wanaonipigia simu kuniuliza kama chakula fulani kina gluteni, na vipimo vinachukua muda mfupi kuliko safari zetu za zamani. Madukani kuna biskuti na tambi kutoka ng'ambo zenye maandishi kwamba hazina ngano. Nimezionja. Zina ladha ya boksi lililozibeba. Nikizilinganisha na loshoro ya Koko, ambaye sasa ni marehemu, naona alikula chakula kisicho na ngano maisha yake yote bila mtu kumwandikia lebo. Harusini bado namfuata mpishi jikoni kabla ya kupakua, na bado kuna shangazi anayeniambia kipande kidogo cha keki hakiui.

Mama amezeeka na tumemhamishia kwangu. Nyumba yangu haina ngano hata chembe, na hajawahi kulalamika. Juzi tu, kwa aibu kama ya mtoto, aliniambia anatamani chapati. Nikaenda nikamnunulia moja kwa mama wa jirani, ikiwa imefungwa vizuri. Aliipokea mlangoni, akatoka kwenda kukaa nje kwenye jua, akaila polepole yote mpaka ikaisha. Kisha akaomba maji na sabuni, akanawa mikono hadi viwiko, akakung'uta kitenge chake mbali na mlango, ndipo akaingia ndani.