Nyuki wa Mgunga wa Mpakani

Kwenye somo la wadudu huwa naanza na miguu. Sita, nawaambia watoto wa shule ninayofundisha Kaptembwo, na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Buibui ana minane, kwa hiyo si mdudu, na hapo ndipo ubishi huanza. Muhula uliopita tulipofika kwa nyuki, msichana mmoja aliinua mkono.

"Ticha, nyuki anaweza kuua mtu?"

"Wakiwa wengi, wanaweza," nikasema, nikaanza kufuta ubao ingawa haukuwa umejaa.

Baba alifuga nyuki tangu nikiwa mdogo. Kwetu ni nyuma ya Kikopey, upande unaoteremka kuelekea Ziwa Elmenteita, penye mawe mengi na vichaka vya leleshwa. Leleshwa ndiyo iliyokuwa dawa yetu. Tukibanwa kifua, mama alichemsha majani yake, akatufunika blanketi tuvute mvuke. Baba naye aliyachoma kwenye kopo apate moshi wa kuwatuliza nyuki, na makoti yake yalinukia hivyo mwaka mzima. Mengi ninayofundisha kuhusu nyuki niliyasikia kwake kwanza: kwamba wafanyakazi wote ni majike; kwamba anayekuuma huacha mwiba pamoja na matumbo yake, akafa; kwamba mwiba huo hutoa harufu kama ya ndizi, na harufu hiyo huwaita wenzake. Kwamba mzinga ukijaa, malkia mzee huondoka na sehemu ya kundi kutafuta makao mengine.

Mwaka mmoja kundi la namna hiyo lilitoka kwenye mizinga yake likaingia katika shimo la mgunga mkubwa uliosimama mpakani mwetu na jirani. Baba aliliona likienda. Akaliacha.

Baadaye jirani aliuza shamba, na aliyenunua akaanza kujenga. Jumamosi moja nikiwa nimeenda kuwaona wazazi, vijana wawili walikuja na pawa soo, msumeno wa injini, kuuangusha ule mgunga. Baba alikuwa Kikopey akiwapelekea wateja asali. Vijana hawakupita kwetu kuuliza chochote. Punda wetu alikuwa amefungwa karibu na mti, akipumzika baada ya kuleta maji.

Nilikuwa jikoni. Nilisikia pawa soo ikinguruma, ikanyamaza ghafla, kisha vijana wakapita uani mbio wakijipiga vichwa. Halafu punda akaanza kulia kwa namna ambayo sijawahi kusikia tena.

Mama alikuwa akifua. Aliinuka, akachukua panga.

"Mama, wachana naye," nikamwambia. "Watakumaliza."

"Amefungwa," akasema. "Atatoroka aje na amefungwa?"

Alijitupia leso kichwani akaenda. Alikuwa na sweta nyeusi, na baba alitukataza nyeusi karibu na mizinga. Nyuki huiendea kabla ya rangi nyingine. Nilikimbilia stoo kuchukua kofia ya baba yenye wavu na glavu zake. Nilipotoka mama alishakata kamba, lakini punda hakukimbia. Alikuwa amepiga magoti, nyuki wamemfunika kama ngozi ya pili, na mama ameketi chini kando yake, mikono usoni, leso imeanguka. Nilimburuta hadi ndani nikafunga mlango. Hata huko nyuki waliendelea kutoka kwenye nywele zake.

Majirani walikuja mambo yalipotulia kidogo. Mmoja alimpaka utomvu wa mshubiri, mwingine majani ya leleshwa yaliyopondwa. Mimi nilikwangua miiba kwa kisu butu. Nikimaliza mkono mmoja, naona shingo imejaa.

"Huyu mwili wake umezoea nyuki," mtu akasema mlangoni.

Ni kweli. Mama alikuwa ameumwa miaka yote bila kuvimba. Tulimpakia kwenye pikapu ya mwenye duka tukampeleka hospitali, Nakuru.

Siku iliyofuata aliongea vizuri, tukadhani amepona. Uso ulikuwa umevimba hadi macho yakafungwa, lakini aliomba chai.

"Punda je?" akauliza.

Punda alikuwa amekufa jana yake kabla jua halijatua. Baba alitazama ukuta.

"Anakula," akasema.

"Kuna kipande cha kamba kimebaki shingoni. Sikufika. Mfungueni kisimkabe."

"Tumekifungua."

Kisha mkojo wa mama ukawa mweusi kama chai ya rangi, halafu ukakoma. Daktari alitueleza kwamba sumu ikizidi huharibu misuli na damu, na mabaki yake huziba figo. Walimweka kwenye mashine ya kusafisha damu. Alikufa asubuhi moja nikiwa nimetoka kumnunulia uji.

Siku moja kabla ya mazishi, kaka zake mama walimkalisha baba uani. Mkubwa wao ndiye aliyesema.

"Shemeji, hatuwezi kumzika dada yetu hapa hao nyuki wako wakiwa hai."

"Wa mizinga hawakumgusa," baba akajibu. "Ni wale wa mti."

"Nyuki ni nyuki."

Baba akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: "Wale wa mti walitoka kwangu. Niliwaona wakihama."



Alingoja jioni, nyuki wote wakiwa wamerudi ndani. Aliziba milango ya mizinga kwa matambara, mmoja baada ya mwingine, akamwaga petroli. Nilimshikia jerikani. Hakuvaa kofia wala glavu. Asali ilitiririka ikiwaka, na watoto wa waombolezaji waliosogea na vijiti wachovye, aliwafukuza kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake.

Tulimzika mama kesho yake. Mgunga ulikatwa baadaye na vijana wengine, na nyumba ya jirani ilikamilika. Wajomba hawajawahi kurudi.

Baba sasa naishi naye Kaptembwo. Mchana huketi mlangoni, na wapangaji wenzangu humsalimia wakipita. Wakimuuliza mzee alikuwa akifanya kazi gani huko kwao, husema alilima mahindi na maharagwe tu, kisha hubeba kiti chake akaingia ndani.