Maillot namba sita

Bandugu, leo nimeaibika mbele ya équipe nzima, na bado niko naruka na furaha!

Munajua ugomvi yangu na Muzee Kasereka, coach wa équipe yetu ya mupira ya Ngezi. Yeye anachagua bachezaji na jicho tu. Miye nahesabu kila match kwa telefone, nafuata namba ya mugongo: nani ananyanganya mupira, nani anaupoteza.

Leo tunacheza na équipe ya ba Marabo. Nikamuambia: "Muzee, namba sita aanze. Hakuna mwenye kumufikia, na hachokake!"

"Jicho yangu haiyamuona huyo mutu."

"Ni sababu jicho haihesabu!"

(Ndiyo, nilimujibu hivyo. Munisamehe.)

Akaita: "Namba sita, kuya hapa!"

Bakasimama batu wawili. Claude na Dieudonné.

Woyee!

Siye maillot, jezi za kuchezea, hazitoshe. Mwenye kutoka anavua, mwenye kuingia anavaa ileile, na jasho yake. Miye nilibahesabu wote wawili mutu moja! Ndiyo maana hakuwa anachoka!

Équipe yote ikaanguka chini na kicheko.

Muzee hakucheka. Akabaangalia mingi, kisha akasema: "Baanze wote."

Dieudonné tukamuandikia sita na makala ya jikoni kwa singlet yake. Arbitre, mwamuzi wa match, akafumba macho.

Bandugu, TUMESHINDA! Pasi ya Claude, goli ya Dieudonné!

Sasa museme: telefone ao jicho?

Miye nilimuuliza Muzee. Akaniambia: "Hesabu iko, macho iko. Maillot ndiyo hatuna."