Majibu yaliyolala kwenye "Mengineyo"

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na sita amesimama kwenye korido ya kliniki ya upasuaji, amekumbatia daftari kubwa lisilo na mistari. Mbele yake muuguzi anabandika lebo kwenye kichupa.

"Kikitoka hapa kinakwenda kwa nani?" anauliza.

"Kwa tarishi."

"Tarishi anasaini wapi?"

"Asaini nini tena, Mama Mishale? Anachukua, anaondoka."

Mwanamke anachora duara, anachora mshale, kisha pembeni anaweka alama ya kuuliza.

Hiyo ndiyo kazi yake. Kwenye barua ya ajira anaitwa mchambuzi wa mifumo. Wauguzi wa hospitali hii kubwa wamembatiza Mama Mishale. Hupita idara zote kumi na saba akichora jinsi taarifa zinavyosafiri: mstatili ni mtu, duara ni kazi inayofanyika, mistari miwili sambamba ni mahali pa kuhifadhia. Mishale huonyesha nini kinatoka wapi, kinakwenda wapi. Zamani walikuwa watatu. Amebaki peke yake.

"Nichoree na mume wangu," muuguzi anamtania, "tuone jioni huwa anapotelea wapi."

Anacheka kidogo, kicheko cha kumridhisha mwenzake tu.

Miaka miwili iliyopita, akifuatilia njia ya vipimo vinavyopelekwa maabara kuu, aligundua jambo lililomkosesha raha.

"Majibu yanarudi kwa jina la daktari aliyeyaomba," anaeleza. "Sasa madaktari vijana wanahamishwa kila baada ya miezi mitatu. Daktari akishaondoka, kompyuta haimwoni tena. Inayatupa majibu kwenye faili linaloitwa Mengineyo."

Katika mchoro wake, mishale sita iliingia Mengineyo. Hakuna hata mmoja uliotoka.

Aliupeleka mchoro mkutanoni, akaomba ateuliwe mtu wa kulifungua faili hilo kila asubuhi. Mkuu wake aliutazama, akausifu. "Mchoro safi kabisa. Tusubiri mfumo mpya, haya yote yatajirekebisha." Kikao kikahamia kwenye ajenda ya maegesho ya magari.

"Nami nikanyamaza," anasema. "Nisikudanganye, sikubishana. Nilikunja karatasi yangu, nikatoka."

Mwaka uliofuata, dada yake aliona uvimbe kwenye titi. Huyu ni dada aliyemlea tangu mama yao alipofariki, fundi cherehani aliyemsomesha kwa kushona sare za shule. Alikatwa kinyama kidogo cha kupimwa hospitalini hapohapo, akaambiwa ataitwa.

Wiki ya tano alipiga simu. "Mdogo wangu, mbona hawaniiti?"

"Dada, wangekuta kitu wangeshakupigia. Kimya chao ni habari njema."

Akiyarudia maneno hayo, Mama Mishale anafunika mdomo kwa kiganja.

"Mimi," anasema. "Mimi niliyeichora ile mishale kwa mkono wangu. Ningemwambia hivyo mgonjwa wa watu, ningesema nimepitiwa. Nilimwambia dada yangu."

Miezi saba baadaye mgongo ulianza kumuuma dada huyo hata akashindwa kukaa kwenye cherehani. Mdogo wake alimsindikiza hospitalini. Daktari mgeni alipotafuta majibu asiyaone, Mama Mishale hakungoja. Alipanda ghorofani kwenye meza yake, akafungua Mengineyo. Jina la dada yake lilikuwa la mia mbili na nne. Majibu yalikuwa yamefika siku ya kumi na mbili tu tangu kinyama kikatwe: saratani, matibabu yaanze haraka.

Maji yalikwisha kumwagika. Ugonjwa umeingia kwenye mifupa, na zilizobaki ni dawa za kutuliza maumivu.

Mwezi uliopita aliketi ukingoni mwa kitanda cha dada yake, akamweleza yote.

"Kwa hiyo ulijua," dada alisema.

"Nilijua, dada. Sijui ilikuwaje siku ile nisikumbuke."

"Ulichora, ukasema, hawakusikia. Sasa unataka nikupe adhabu gani, na mimi sina nguvu hata ya kukuzaba kofi?"

Kisha akaomba ageuzwe aelekee ukutani. Tangu siku hiyo wanazungumza mambo ya dawa na uji tu.

Hospitalini, michoro ya mfumo mpya imeletwa. Mama Mishale aliikagua ukurasa kwa ukurasa mpaka akalikuta. "Faili lipo vilevile," anasema. "Wamelibadilisha jina tu. Sasa linaitwa Nyinginezo."

Kwa hiyo kila siku, saa ya chakula cha mchana, anafungua Mengineyo mwenyewe na kuwapigia wagonjwa simu. Alikuta majibu mia tatu na kumi na mawili. Mengi hayakuwa na neno baya. Namba sitini na moja hazipatikani. Mara kumi na nne, sauti ya mtu mwingine imemjibu kwamba mwenye simu ameshazikwa.

"Hao huwa nawapa pole. Sijapata neno jingine."

Wiki iliyopita alikabidhiwa barua ya onyo: anashughulika na majibu ya wagonjwa bila idhini. Imo kwenye mkoba wake, naye haikatai. Anakiri kwamba sheria iko upande wao.

Mpango wake ni mfupi. Majibu yaliyobaki ni kumi na tisa.

"Wakinifukuza," anasema, "wanifukuze faili likiwa tupu. Baada ya hapo sijui. Kwa kweli sijui."

Mchana huu, mezani kwake, anabonyeza namba. Simu inaita, inaita, kisha sauti ya mwanamke inapokea. Mama Mishale anakaa wima.

"Haloo, mama, shikamoo. Napiga kutoka hospitali. Ni kuhusu kile kipimo chako." Anasikiliza. "Ndiyo, cha mwaka jana. Najua, mama. Tumekuchelewesha." Anasikiliza tena, macho ameyafumba. "Njoo kesho asubuhi, na uje na mtu wa kukusindikiza. Nitakungoja getini mimi mwenyewe."